Chinchila wangu ana miaka 14 na anapungua uzito: apigwe eksirei kwa nusukaputi, au nimwache azeeke kwa amani?

#1 Mlezi wa Kivuli
Wakuu, habari zenu. Nina chinchila (mnyama mdogo wa kufugwa mwenye manyoya mengi) jike anaitwa Kivuli, ametimiza miaka 14. Nimemlea tangu ana miezi mitatu. Miezi miwili iliyopita alikuwa na gramu 560, jana usiku mizani ilisoma 489.

Hamu ya kula anayo. Nikiweka nyasi kavu anakuja mbio, anashika ubua kwa mikono miwili, anatafuna kidogo, kisha anauangusha. Chakula cha punje anakula ila anachagua zilizovunjika. Jicho la kushoto linatoa machozi, manyoya chini yake yamelowa na kushikana. Kidevu ni kikavu.

Daktari wa kwanza alimtazama mdomoni dakika mbili, akasema ni uzee, tumwache. Wa pili anashuku mizizi ya magego. Anataka eksirei ya fuvu, na ili atulie lazima apewe nusukaputi. Akaongeza kwamba amesikia mvumo kwenye moyo, yaani sauti isiyo ya kawaida unapopiga. Tangu siku hiyo usingizi sina. Nikimpeleka asiamke, nitasema nimemuua kwa mkono wangu. Nisipompeleka, huenda anaumwa jino usiku na mchana huku ananitazama tu. Nyie mngefanyaje?

#2 Pamba Nyepesi
Pole sana. Kinyesi kikoje? Punje zake ni kubwa kama zamani au zimekuwa ndogo na kavu? Na zinatoka usiku kucha?

#3 Mlezi wa Kivuli
Zimekuwa ndogo. Nyingi zina ncha upande mmoja. Idadi nayo imepungua, ila haijafika siku akakosa kabisa.

#4 Simba wa Sebuleni
Mkuu, miaka 14 ni mingi mno kwa panya. Wanaishi miaka minane hadi kumi hawa. Amekula chumvi, mwache apumzike. Hizo eksirei ni kumsumbua tu mzee wa watu.

#5 Mzee wa Mizani
Simba, hapo umepotoka. Chinchila si panya wa kawaida wa kufugwa anayeishi miaka miwili au mitatu. Akitunzwa vizuri anafika miaka 10 hadi 20, na rekodi ya Guinness ni ya chinchila aliyepita miaka 29. Kivuli ni mzee, ndiyo, lakini mwisho wa safari yake hatuujui.

Uzee haupunguzi gramu 71 ndani ya miezi miwili. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Ukimwona binadamu wa kilo 70 amepoteza kilo tisa bila kutaka, utamwambia ni uzee?

#6 Nyasi Kwanza
Nilijua Mzee atatokea na mizani yake kabla uzi haujafika kumi 😂 Ila leo naungana naye.

Kwangu mimi hili ni jino. Anakimbilia chakula, anakishika, anakiangusha: njaa ipo, mdomo ndio unaokataa. Chinchila ana meno 20, na yote yanaota maisha yake yote. Si yale manne ya mbele peke yake, hata magego. Yasiposagika sawasawa yanapata ncha zinazokwaruza ulimi na shavu. Na gego likikosa nafasi ya kuota kuelekea mdomoni, linasukuma upande wa mzizi. Ya juu yanapanda kuelekea jichoni, ya chini yanaingia kwenye mfupa wa taya. Pitisha kidole taratibu chini ya taya lake uone kama kuna vinundu.

#7 Mlezi wa Kivuli
Nimepitisha sasa hivi. Kulia laini. Kushoto nahisi kama kuna kitu, lakini huenda ni hofu yangu. Amenikwepa nilipogusa mara ya pili.

Meno ya mbele yako sawa nadhani, ni ya rangi ya chungwa. Niliwahi kuambiwa huo ni uchafu.

#8 Pamba Nyepesi
Si uchafu hata kidogo. Rangi ya chungwa ndiyo afya. Yakianza kupauka na kuwa meupe ndipo uulize maswali. Ila meno ya mbele mazuri hayakuhakikishii magego. Wangu alikuwa na meno ya mbele ya kupendeza, kumbe nyuma mambo yameharibika.

#9 Fundi Kizimba
Mnunulie jiwe la kutafuna na vijiti vya mti wa tufaha ambao haujapuliziwa dawa. Magego yatasagika yenyewe bila kumwingiza kwenye hatari ya nusukaputi.

#10 Nyasi Kwanza
Fundi, kijiti kinasaidia meno ya mbele na kinampa kazi ya kufanya usiku. Magego yanasagwa na nyasi ndefu, kwa taya kwenda huku na huku kwa saa nyingi, na kwa silika, yale madini magumu kama mchanga yaliyomo ndani ya nyasi. Jiwe halifiki kule nyuma. Na kama mzizi umeshapita, hata ale nyasi za dunia nzima haurudi ulikotoka.

#11 Fundi Kizimba
Nimekubali kuhusu jiwe. Kuhusu nusukaputi sijakubali, nitarudi.

#12 Tabibu wa Wadogo
Nimesoma mpaka hapa. Mimi ni daktari wa wanyama, na sehemu kubwa ya wagonjwa wangu ni sungura, panya wa kufugwa, chinchila na ndege. Siwezi kumtibu Kivuli kupitia uzi, lakini mambo mawili matatu yawekwe sawa.

Kumtazama chinchila mdomoni akiwa macho kunaonyesha sehemu tu. Mdomo wake ni mwembamba, mashavu yanaingia katikati, ulimi unaziba. Daktari wa kwanza huenda hakuona kitu kwa sababu hakikuwa mahali anapoweza kukiona. Mizizi haionekani kwa macho hata mnyama akiwa amelala fofofo, ndiyo maana inahitajika eksirei ya fuvu kutoka pande kadhaa. Skani ya CT inaonyesha vizuri zaidi pale ilipo.

Machozi ya jicho moja yanaendana na mzizi wa gego la juu. Yanaendana pia na vumbi la kuogea (chinchila huoga kwa vumbi, si kwa maji) lililoingia jichoni, na maambukizi, na mkwaruzo wa ubua wa nyasi. Usiyahesabu kama ushahidi wa kitu kimoja.

Mvumo wa moyo husikika kwa chinchila wengi. Wengine wana ugonjwa wa moyo, wengine moyo wao ni mzima kabisa. Sikio peke yake halitenganishi hao wawili, altrasaundi ya moyo ndiyo inayotenganisha. Muulize daktari wako kama anaweza kuifanya kabla ya kumlaza, au kukuelekeza kwa anayeweza.

#13 Simba wa Sebuleni
Asante daktari. Nafuta kauli ya panya. Lakini nauliza kwa nia njema: eksirei ikionyesha mizizi imefika jichoni, kuna tiba?

#14 Tabibu wa Wadogo
Swali zuri kuliko yote hapa. Mzizi uliorefuka hautibiki ukapona. Tunachoweza ni kupunguza urefu wa jino upande wa mdomoni, kuondoa ncha kali, kutoa dawa ya maumivu, na kurudia. Wengine wanarudiwa kila baada ya wiki chache, wengine miezi kadhaa. Kung'oa gego la chinchila ni kazi ngumu, na mfupa wa taya ni mwembamba.

#15 Simba wa Sebuleni
Basi hapo ndipo ninaposimama. Kama jibu halibadilishi tiba, tunalitafuta la nini? Ampe dawa ya maumivu nyumbani na chakula laini.

#16 Pamba Nyepesi
Linabadilisha sana, Simba. Kama ni ncha moja inayokwaruza ulimi, inakatwa na anakula siku hiyo hiyo. Kama mizizi yote imepita, utajua chakula laini unachompa ni cha kumsindikiza. Hizo ni njia mbili tofauti, na ukiwa nje huwezi kuzitofautisha.

Wangu wa kiume alikuwa na ncha. Tulimkata kila baada ya wiki sita, karibu miaka miwili. Alilazwa mara nyingi na kila mara aliamka. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Siku mbili baada ya kila tiba nilimlisha kwa sirinji, usiku naamka kila saa tatu. Lakini baina ya tiba alikuwa anaruka rafu zote za kizimba chake, anaoga vumbi, anagombana na mimi kama zamani. Ile miaka miwili ilikuwa yake kweli.

#17 Tumaini
Na mimi niseme yangu, maana yalikwenda upande mwingine.

Alikuwa na miaka 16. Kabla hajalazwa, daktari aliniketisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Nikikuta mizizi imepita kiasi cha kutosaidika, nimwamshe ili umuage, au nisimwamshe?" Nilikasirika. Niliona kama ananitangulizia msiba. Akanipa muda, nikatembea nje nusu saa, nikarudi nikamwambia asimwamshe ila anipigie kwanza.

Alipiga. Mizizi ya juu yote ilikuwa imetoboa mfupa chini ya macho, pande zote mbili. Nikaenda, nikamshika akiwa bado kwenye usingizi wa gesi, sindano ya mwisho ikapita bila yeye kujua. Miaka mitatu sasa. Nimejuta mambo mengi ya ulezi wangu, hilo sijalijuta hata siku moja. Ninachojuta ni miezi minne ya kusema "ni uzee" kabla ya hapo.

Mlezi, hilo swali jiulize nyumbani, ukiwa umekaa, huku unamtazama. Usingoje kuulizwa kwenye simu.

#18 Mlezi wa Kivuli
Tumaini, nimesoma nikalazimika kuweka simu pembeni. Asante.

#19 Msomaji Kimya
Sijawahi kuandika humu. Mimi nilimpeleka wangu akiwa na miaka 12 na hakuamka. Moyo ulisimama dakika chache baada ya gesi kuanza. Hakuwa amesikika mvumo wowote kabla. Nayasema ili Mlezi asipate picha ya upande mmoja, maana waliofiwa hivi wengi wetu hatuandiki.

#20 Fundi Kizimba
Pole sana Msomaji. Hili ndilo nililotaka kulisema pale #11.

#21 Tabibu wa Wadogo
Pole, Msomaji. Ni kweli, wanyama wadogo wana hatari kubwa ya nusukaputi kuliko mbwa au paka, na mgonjwa aliyekonda ana hatari zaidi. Inaweza kupunguzwa, haiwezi kufutwa. Mlezi, muulize daktari wako: anatumia gesi gani na anamfuatiliaje akiwa amelala, anamweka joto vipi wakati huo maana mwili mdogo unapoteza joto haraka, anampa maji chini ya ngozi au la, na nani anabaki naye mpaka aanze kula. Akijibu bila kusita, ni dalili njema.

Na apelekwe mapema. Kila gramu anayopoteza kabla ya siku hiyo inaongeza hatari.

#22 Bibi wa Manyoya
Asinyimwe chakula tangu usiku uliotangulia! Mimi niliambiwa na kliniki moja nimfungishe kwa muda wa saa kumi na mbili kama mbwa.

#23 Tabibu wa Wadogo
Sahihi kabisa, Bibi. Chinchila hawezi kutapika, na utumbo wake ukikaa mtupu unasimama. Saa nyingi za njaa zinamdhuru. Unaweza kuambiwa uondoe chakula muda mfupi tu ili mdomo uwe safi. Fuata maelekezo ya daktari wako, lakini ukisikia "tangu jana jioni", uliza kwa nini.

#24 Dogo Msafi
Wakuu, kwani msimpe amoksilini tu? Mimi nina chupa iliyobaki ya mdogo wangu. Kama ni jino lina usaha litakauka, kama ni jicho pia litapona.

#25 Pamba Nyepesi
HAPANA. Dogo, tafadhali usimpe kamwe.

#26 Tabibu wa Wadogo
Narudia kwa herufi ndogo lakini kwa uzito uleule. Amoksilini na jamii ya penisilini kwa mdomo, klindamaisini, linkomaisini, erithromaisini: kwa chinchila ni hatari ya kifo. Tumbo lake linategemea bakteria wanaochachusha nyasi. Dawa hizo zinaua walio wema, wale wabaya jamii ya Clostridium wanazidi na kumwaga sumu, na mnyama anaweza kufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Kuna antibayotiki anazozivumilia, daktari atachagua na kupima kwa gramu zake. Na dawa za maumivu za binadamu pia ziacheni kabatini.

#27 Dogo Msafi
Aisee sikujua. Samahani Mlezi. Chupa nimeshaiweka mbali.

#28 Nyasi Kwanza
Umeuliza kabla ya kutenda, Dogo. Wengi wanatenda kisha wanakuja kuuliza.

#29 Bibi wa Manyoya
Jamani, kila mtu anasema meno, meno. Mlezi, Kivuli anaishi peke yake?

#30 Mlezi wa Kivuli
Sasa hivi ndiyo. Alikuwa na dada yake, Jivu. Walizaliwa pamoja, hawakuwahi kulala mbali. Jivu alifariki ghafla miezi minne iliyopita, nilimkuta asubuhi. Kivuli alikuwa amelala amemwegemea.

Sikulitaja kwa sababu sikudhani lina uhusiano.

#31 Bibi wa Manyoya
Lina uhusiano mkubwa, mwanangu. Hawa ni wanyama wa kundi. Kule milimani wanaishi wengi pamoja kwenye nyufa za miamba. Wangu alipofiwa na mwenzake alikaa kona moja, akawa anakula nusu ya kawaida. Hakuna jino lililokuwa bovu. Alirudi taratibu nilipoanza kukaa naye chini kila jioni.

#32 Mzee wa Mizani
Bibi, huzuni inampunguza mtu hamu. Kivuli hamu anayo, anaangusha tu. Hapo maelezo yako yananipita kushoto.

#33 Bibi wa Manyoya
Na kama alipunguza nyasi kwa huzuni miezi ile ya kwanza, magego yakakosa kusagwa, ndipo ncha zikaota? Mzee, mambo mawili yanaweza kushikana mikono.

#34 Mzee wa Mizani
Hmm. Hilo sikuliwaza.

#35 Nyasi Kwanza
Mizizi haiendi hadi jichoni kwa miezi minne, Bibi. Ncha ndiyo, inawezekana. Kama ni mizizi, ilianza zamani Jivu akiwa hai.

#36 Jua Kali
Chumba kina joto gani? Mnasahau kitu cha kwanza. Chinchila anapenda baridi, kati ya nyuzi 15 na 21. Ikipita 25 anaanza kuhangaika, na unyevu ukiwa mwingi ni mbaya zaidi. Kinyweleo kimoja kinatoa nywele hamsini na zaidi, hilo ni blanketi lisilovuliwa. Mzee mwenye moyo dhaifu kwenye chumba cha joto atapunguza kula, hata meno yakiwa mapya.

#37 Mlezi wa Kivuli
Chumba kinakaa 20 hadi 22. Kuna wiki moja kifaa cha kupooza kiliharibika ikafika 26, nikamwekea kigae cha baridi cha kulalia. Ilikuwa muda uleule alioanza kupungua, sasa nachanganyikiwa kabisa.

#38 Simba wa Sebuleni
Bibi kataja milimani. Milima ipi? Mimi siku zote nilidhani ni mnyama wa Asia.

#39 Nyasi Kwanza
Milima ya Andes, Amerika Kusini. Waliwindwa kwa ajili ya manyoya mpaka wakakaribia kwisha. Mwaka 1910 Chile, Peru, Bolivia na Argentina zilitia saini mkataba wa kuwalinda. Kisha Mathias Chapman, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi migodini Chile, alipeleka 11 California mwaka 1923, na wengi wa hawa tunaowafuga wanatokana nao. Ukoo wa Kivuli umesafiri mbali kuliko sisi sote humu.

#40 Simba wa Sebuleni
Kumi na moja tu! Leo nimejifunza.

#41 Fundi Kizimba
Turudi kwa Kivuli. Kuna kipimo cha daktari wa Marekani, Alice Villalobos, kinachosaidia kupima hali ya maisha ya mnyama mgonjwa. Mambo saba: maumivu, njaa, maji, usafi, furaha, mwendo, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila moja unatoa alama 0 hadi 10. Ikizidi 35, inachukuliwa kwamba anaweza kuendelea kutunzwa. Mimi kilinisaidia kwa paka wangu, niliacha kubishana na moyo wangu.

#42 Tumaini
Nilikijaza kile, Fundi. Kila usiku nilipata zaidi ya 40. Kisha eksirei ikaonyesha mifupa imetobolewa. Chinchila ni mnyama anayewindwa, anaficha maumivu mpaka hawezi tena. Kwenye mstari wa maumivu nilikuwa naandika ninachokitamani.

#43 Fundi Kizimba
Kwa hilo sina jibu.

#44 Mzee wa Mizani
Ndiyo maana nang'ang'ania mizani, watu wangu. Yeye anaweza kuficha, gramu hazifichi. Mlezi, mpime kila siku saa ileile, kabla ya kula, kwenye bakuli lilelile, na uandike. Mstari ukishuka siku tano mfululizo, usisubiri miadi. Kinyesi kikikosekana kabisa nusu siku, hiyo ni dharura, nenda siku hiyohiyo.

#45 Pamba Nyepesi
Na wakati anasubiri, uanze kumwongezea kwa sirinji kama daktari ameruhusu. Unga wa chakula cha wagonjwa wanaokula majani, uchanganye na maji ya vuguvugu uwe kama uji mzito. Mshike wima, usimlaze chali. Ingiza sirinji pembeni nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo, umwache ameze. Akiwa na tumbo gumu lililojaa kama ngoma usimlishe, mpeleke. Akilowa kifuani mfute akauke, manyoya yao yakibaki na maji yanaleta shida ya ngozi.

#46 Mlezi wa Kivuli
Nimempigia daktari wa pili. Nilimuuliza yote ya #21, alijibu moja baada ya jingine bila haraka. Altrasaundi ya moyo hana, na aliye nayo yuko mbali, safari ya saa sita ndani ya gari. Anasema atatumia gesi, muda mfupi, apige eksirei, na akiona ncha azikate palepale ili asilazwe mara mbili.

Nilijiuliza lile swali la Tumaini jana usiku. Nilikaa sakafuni, Kivuli akaja akapanda gotini, akanichezea kifungo cha shati kama anavyofanya tangu mdogo. Nimeamua: mizizi ikiwa imetoboa pande zote mbili, asimwamshe, anipigie niingie. Ikiwa ni upande mmoja, tujaribu. Nimeliandika kwenye karatasi, maana najijua, kwenye simu nitabadilika.

#47 Msomaji Kimya
Nitakuwa nakuwaza. Lolote litakalotokea, usirudi hapa kuomba radhi kwa mtu.

#48 Simba wa Sebuleni
Mimi nilikuwa wa kumwacha, na sehemu yangu bado iko huko. Lakini umelifikiria kuliko madaktari wengi. Kila la heri kwa mzee wetu.

#49 Mlezi wa Kivuli
AMEAMKA.

Maelezo kesho, nimechoka.

#50 Bibi wa Manyoya
Ahsante Mungu. Lala mwanangu.

#51 Mlezi wa Kivuli
Haya. Mizizi ya magego mawili ya juu kushoto imerefuka, inakaribia jicho, haijatoboa. Upande wa kulia afadhali. Chini kushoto kulikuwa na ncha moja iliyokuwa imeshauchubua ulimi, ameikata. Mfupa wa taya una uvimbe mdogo, kwa hiyo kidole changu hakikunidanganya. Amepewa meloksikamu, dawa ya maumivu, kwa kipimo cha gramu zake.

Lakini daktari mwenyewe anasema hana uhakika kwamba ncha moja inaeleza gramu 71 zote. Moyo bado una mvumo. Damu aliyoitoa ilikuwa kidogo, haikutosha kwa vipimo vyote. Figo na sukari hatujajua.

#52 Nyasi Kwanza
Ulimi uliochubuka unatosha kabisa kumfanya aangushe nyasi. Mimi nabaki kwenye jino.

#53 Jua Kali
Na mimi nabaki kwenye moyo mpaka altrasaundi iseme vinginevyo. Ilianza wiki ya joto, msilipuuze hilo.

#54 Bibi wa Manyoya
Na Jivu je? Hakuna eksirei inayomwonyesha Jivu.

#55 Tabibu wa Wadogo
Nyote mnaweza kuwa na sehemu ya ukweli. Kwa sasa ampe dawa, amlishe, aone kama uzito unarudi ncha ikiwa haipo. Ukirudi, jino lilikuwa na mchango mkubwa. Usiporudi baada ya wiki mbili, turudi kwenye moyo na figo. Na kumtafutia mwenza mpya umri huu si jambo la haraka, Bibi: wageni wanapigana vibaya, na kwa aliyekonda vita ni hatari.

#56 Bibi wa Manyoya
Sikusema mwenza mpya. Nilisema akae naye sakafuni.

#57 Mlezi wa Kivuli
Nakaa naye kila jioni, Bibi. Siku ya kwanza nyumbani 483. Siku ya nne 481, nililia. Siku ya saba 486.

#58 Mzee wa Mizani
Ulimpima kabla ya sirinji au baada?

#59 Mlezi wa Kivuli
Siku ya nne kabla, siku ya saba baada. Nisamehe Mzee, nitarekebisha.

#60 Mlezi wa Kivuli
Siku ya kumi na mbili, saa tatu usiku, kabla ya sirinji: 494. Leo alishika ubua mrefu wa nyasi akautafuna mpaka mwisho, nikausikia ukikatika gizani. Jicho bado linalowa.

#61 Pamba Nyepesi
Lilelile la kushoto?

#62 Mlezi wa Kivuli
Lilelile.